Mbegu Inavukaje Maji?

Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa sayansi, Jinja

Bwana Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: hamjambo, na ahsanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumze juu ya uzazi wa viumbe wa majini, nami nimewachagua minyoo wa baharini. Mwalimu mmoja aliposikia jana aliniuliza, kwa upole, kwa nini nisizungumzie sangara au ngege, samaki tunaowajua. Kweli, ziwa letu ni la maji matamu, liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na wengi wenu hamjawahi kuonja maji ya chumvi. Nilimjibu kwamba minyoo hao ndio walionifundisha swali ambalo shule haikunifundisha kuuliza. Mbegu ya kiume ni kitu kidogo kisichoonekana kwa macho. Inalifikiaje yai katika maji mengi namna ile?

Nilipokuwa sekondari, mwalimu wetu wa baiolojia alipofika kwenye sura ya uzazi alituambia tukaisome nyumbani, akafunga kitabu. Sina kinyongo naye. Aliona haya, na sisi tuliona haya. Lakini tuliingia chumba cha mtihani tukiwa tumekariri majina ya viungo bila kujua kazi ya hata kimoja. Kwa hiyo leo nitaviita vitu kwa majina yake: mbegu, yai, uume, utungisho. Wazee naomba radhi, ingawa naamini ninyi mliolea watoto mtanielewa kuliko mtu yeyote humu ndani.

Swali lenyewe lilinijia Kilifi, mwaka niliokwenda kumtembelea shangazi yangu. Jioni moja nilishuka gatini na mzee mmoja mvuvi. Ulikuwa usiku wa giza la mwezi, maji yamejaa, bahari shwari. Mzee aliwasha karabai, akaining'iniza karibu na maji ili kuvuta samaki. Badala ya samaki wakaja minyoo. Walikuwa na urefu wa kidole changu cha mwisho, na kila mmoja alikuwa akizunguka kwa kasi ndani ya duara la mwanga, kama mtu aliyepoteza kitu na anakitafuta pale pale kilipoangukia. Nilichota mmoja kwa kikombe cha chai.

Nataka mmwone kama nilivyomwona. Kichwani alikuwa na macho manne meusi, makubwa kupita kiasi kwa kichwa kidogo vile. Mwili ulikuwa wa pingili, na kila pingili ilikuwa na vijiguu viwili ubavuni. Vijiguu vya mbele vilikuwa vyembamba, vya kutambalia. Kuanzia katikati kwenda nyuma vilibadilika kabisa, vikawa vipana na bapa kama makasia. Alizunguka kikombe mara tatu, nne, tano, kisha maji yakaanza kuingia ukungu mweupe kama ule wa tone la maziwa. Mzee akachungulia, akaniambia kwamba hao wakishatoka hivyo hawarudi tena shimoni. Nilikiacha kikombe dirishani. Asubuhi nilikuta ndani yake ngozi tu, nyembamba kama ganda la kitunguu.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua nilichokiona. Minyoo wa jamaa ya Nereis huishi kwenye vishimo vya tope na chini ya mawe, wakila na kujificha kama mnyoo yeyote. Wakati wa kuzaa ukifika mwili hujengwa upya. Macho hukua. Misuli ya kutambaa huvunjwa na misuli ya kuogelea huundwa. Vijiguu hupanuka. Utumbo husinyaa na kuacha kufanya kazi, kwa sababu mnyoo huyo hatakula tena maishani mwake. Nafasi yote ya ndani hujaa mayai au mbegu. Yule niliyemchota alikuwa dume, amebaki mfuko wa mbegu wenye macho na makasia, na usiku mmoja wa kuishi.

Kwa nini ajitoe hivyo? Jibu limo katika kile kikombe. Tone la maziwa katika kikombe unaliona. Limwage kwenye Mto Nile hapo chini ya daraja, kisha uliulize liko wapi. Maji huzichukua mbegu bila malipo, lakini huzitawanya, na kila zinapotawanyika uwezekano wa mojawapo kugonga yai hupungua. Mbegu nayo haina chakula cha safari ndefu. Ina nguvu ya muda mfupi tu, ikiisha imekwisha. Kwa hiyo mnyoo anayemwaga mbegu zake baharini leo, na jike aliye hatua mia moja kutoka hapo akamwaga mayai kesho, wote wawili wamekufa bure. Lazima wakutane mahali pamoja, usiku mmoja, na ikiwezekana dakika ile ile. Mengine yote nitakayowaambia ni namna ambavyo minyoo mbalimbali wamelijibu sharti hilo.

Wengi wamelijibu kwa mwezi. Ninyi mnaowajua senene mtaielewa Samoa upesi. Huko, katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, yuko mnyoo aitwaye palolo, jina lake la kisayansi Palola viridis, anayeishi ndani ya matumbawe. Mwaka mzima haonekani. Mwezi wa Oktoba au Novemba, siku za robo ya mwisho ya mwezi, kabla ya alfajiri, bahari hujaa nyuzi zinazojipinda, za kijani na za kahawia. Watu wanakuwa tayari wamesimama majini na vyandarua na ndoo, kama watu wa Masaka wanavyosimama na mapipa na mabati msimu wa senene, na kama hao wetu, palolo huliwa wabichi au wa kukaanga. Lakini mnyoo mwenyewe hakutoka. Kilichopanda juu ni nusu yake ya nyuma, iliyojaa mayai au mbegu, ikajikata na kuogelea yenyewe bila kichwa, ikiongozwa na vidoa vya kuhisi mwanga vilivyo kwenye pingili zake. Jua likichomoza nyuzi hizo hupasuka na kumwaga vilivyomo. Kichwa kimebaki shimoni salama, kitaota mkia mwingine kwa mwaka ujao. Kati ya njia zote za minyoo, hii ndiyo inayonipa raha zaidi kuifundisha, kwa sababu darasa zima hunyamaza ninapofika kwenye ule mkia unaoogelea peke yake.

Bermuda yupo mwingine, Odontosyllis enopla. Siku chache baada ya mwezi mpevu, takribani dakika 55 baada ya jua kuzama, majike hupanda juu ya maji wakizunguka na kutoa nuru ya kijani. Madume huiona nuru kutoka chini, huifuata moja kwa moja, na hapo mayai na mbegu hukutana. Ni saa ambayo mtu anaweza kuweka miadi nayo.

Sasa, mnyoo hana kalenda. Anaujuaje mwezi? Jamaa wa yule wa kikombe changu, Platynereis dumerilii, amefugwa maabara kwa miongo mingi, na watafiti wakimwashia taa hafifu usiku kuigiza mbalamwezi, anapanga kuzaa kwake kwa taa hiyo. Mwaka 2022 watafiti, akiwemo Kristin Tessmar-Raible, walieleza protini moja ya mnyoo huyo inayoweza kutofautisha mwanga wa jua na mwanga wa mwezi. Mwezi humleta juu ya maji usiku ufaao. Zilizobaki ni dakika, na dakika hizo huamuliwa kwa harufu. Jike anapotaga huachia majini asidi ya yuriki, na dume akiihisi humwaga mbegu papo hapo. Wazee, asidi ya yuriki ni ile ile inayowauma watu viungo, ugonjwa wa jongo. Kwetu ni taka ya mwili. Kwa mnyoo huyo ni ishara ya kwamba sasa ndipo.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa ajili ya mtu mmoja.

Ernest Everett Just alizaliwa mwaka 1883 huko Charleston, South Carolina, Marekani, mtoto wa watu weusi, miaka 18 tu baada ya utumwa kukomeshwa nchini humo. Alikuja kufundisha Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, na kuanzia mwaka 1909 alikuwa akienda majira ya joto kufanya kazi Woods Hole, pwani ya Massachusetts, kwenye maabara ya viumbe wa baharini. Usiku alishuka majini na taa na wavu. Aliwangoja minyoo waje kwenye mwanga, akawaangalia, akaandika. Mwaka 1913, pamoja na mwalimu wake Frank Lillie, alichapisha maelezo ya namna Nereis wa pale wanavyozaa: dume anavyomzunguka jike kwa kasi, jike anavyoyaachia mayai, anavyosinyaa na kuzama. Alikuwa ameangalia kile nilichokiangalia mimi Kilifi, miongo mingi kabla yangu, naye alikuwa na subira ya kukiangalia usiku hadi usiku.

Mwaka uliofuata alimweleza mwingine, Platynereis megalops, na hapo alikuta jambo la ajabu. Mnyoo huyo hatawanyi kitu. Dume hujiviringisha kwenye mwili wa jike. Jike huukamata mkia wa dume kwa taya zake, na mbegu huingia mdomoni mwake. Kumbukeni niliyowaambia juu ya utumbo: kwa wakati huo umeshavunjika, hauzuii kitu. Mbegu zikishamezwa hupita moja kwa moja hadi kwenye uwazi wa mwili ambamo mayai yamo, na muda mfupi tu baadaye jike huyataga kwa nyuma, yakiwa tayari yamekutana na mbegu. Mdomo ambao hautakula tena umepewa kazi nyingine. Just alijaribu pia kuyachukua mayai ya jike asiyepandwa na kuyaweka katika maji ya bahari kabla ya kuyatilia mbegu, akaona kwamba mayai hayo hupoteza upesi uwezo wa kutungwa. Maji yale yale yanayobeba mbegu za minyoo wengine, kwa huyu yanaharibu. Ndiyo maana jike hayaachi mayai yake yaguse maji kabla hayajakutana na mbegu.

Mwaka 1912 alikuwa ameshaonyesha jambo jingine kwa yai la Nereis: mahali mbegu inapoingilia yai ndipo unapopita mgawanyiko wa kwanza wa yai hilo. Yaani mbegu haileti urithi wa baba peke yake. Hata mahali ilipobisha hodi pana maana katika ujenzi wa mwili. Na alikuwa mkali sana juu ya usafi wa vyombo na joto la maji. Alishikilia kwamba yai lililoumizwa na mtafiti haliwezi kukuambia ukweli juu ya yai zima.

Alipata nishani ya Spingarn, ya kuwatukuza Wamarekani weusi waliofanya makubwa, mwaka 1915, wa kwanza kabisa kupewa. Alipata udaktari wake Chicago mwaka 1916. Hata hivyo vyuo vikuu vikubwa vya watafiti nchini mwake havikumwajiri, kwa rangi yake. Alihamia kufanyia kazi Ulaya. Vita vilimkuta Ufaransa, Wajerumani wakamzuia kwa muda mwaka 1940, akarudi Marekani akiwa mgonjwa, akafa mwaka 1941. Nilipolisoma jina lake kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari na miaka sita ya kufundisha. Nilikuwa nimeshawaeleza mamia ya watoto juu ya utungisho, na sikuwa nimeambiwa na mtu yeyote kwamba aliyesimama majini na taa akiwaangalia minyoo hao wakizunguka alikuwa mtu mweusi. Siku hiyo nilirudi darasani nikaandika jina lake ubaoni kwa herufi kubwa. Nimekuwa nikiliandika kila mwaka.

Turudi majini. Kuna minyoo ambao hawaondoki mashimoni mwao hata siku ya harusi. Yule wa fukwe za Uingereza na nchi jirani, Arenicola marina, anayechimbwa na wavuvi kwa chambo, huishi katika shimo lenye umbo la U mchangani. Majira ya vuli, maji yakiwa yamekupwa, dume huzisukuma mbegu zake juu ya mchanga, zikakaa kama vidimbwi vyeupe. Hapo zinangoja. Maji yanapoanza kujaa huzifagia na kuzipitisha juu ya mashimo ya majike, na jike, ambaye siku zote huvuta maji ndani ya shimo lake ili apumue, sasa anavuta maji yenye mbegu. Pumzi yake ndiyo inayomletea mume. Waswahili wa pwani, wanaohesabu maisha kwa kupwa na kujaa, kwa bamvua na maji mafu, wangemwelewa mnyoo huyu bila mwalimu.

Wengine hufunga mzigo. Kati ya baadhi ya minyoo wa jamaa ya Spionidae, dume huzifunga mbegu zake katika kifurushi na kukiachia majini, na jike jirani hukidaka kwa minyiri yake, akaziweka mbegu katika vifuko vya mwilini hadi mayai yawe tayari. Mbegu zilizofungwa pamoja hazitawanyiki. Nitapita hapo, maana nataka kufika kwa Bonellia.

Bonellia viridis anaishi Bahari ya Mediteranea. Jike ni wa kijani kibichi, mwili wake ni kama sentimita 15, amejificha kwenye mwanya wa mwamba, na kutoka hapo ananyoosha mkonga unaoweza kufika mita moja, akiusogeza juu ya sakafu ya bahari kutafuta chakula. Hilo ndilo jike. Dume ana milimita moja hadi tatu. Hana mkonga, hajitafutii chakula, na makao yake ni ndani ya mwili wa jike, kwenye kifuko cha uzazi, ambako kazi yake ni kuyatunga mayai yanapopita. Swali la mbegu kuvuka maji halipo tena, kwa sababu hakuna maji ya kuvuka.

Na anafikaje huko? Mswisi Fritz Baltzer alilichunguza jambo hili tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Kiluwiluwi cha Bonellia kwa kawaida hakijaamuliwa bado kuwa dume au jike. Kikitua mahali patupu kwenye sakafu ya bahari, hukua polepole kikawa jike. Kikitua juu ya mkonga wa jike, kemikali za ngozi yake hukigeuza dume, na kikaingia ndani. Jinsia yake imeamuliwa na mahali kilipotua.

Mwanafunzi wangu mmoja wa kike, nilipofika hapo, aliinua mkono akauliza: basi huyo dume ni mume, au ni kiungo cha mwili wa jike? Sikumjibu siku hiyo. Nilikwenda nalo nyumbani. Nilimjibu wiki iliyofuata kwamba bado ni kiumbe kamili, kwa kuwa alitoka katika yai lake mwenyewe, na mbegu zake zinabeba urithi wake, si wa jike aliyemhifadhi. Lakini naona swali lake lilikuwa bora kuliko jibu langu, na ningependa mitihani yetu iwe na nafasi ya kulipa alama swali kama hilo.

Bonellia si peke yake. Mwaka 2002, kwenye ghuba ya Monterey, California, watafiti walikuta mzoga wa nyangumi kwenye kina cha karibu mita 2,900, na mifupa yake imefunikwa na minyoo wekundu wasiojulikana. Waliwapa jina la Osedax katika andiko la mwaka 2004. Wote waliowaona kwanza walikuwa majike. Madume walikuwa ndani ya mirija ya majike, wadogo wasiozidi viluwiluwi, wakati mwingine zaidi ya mia moja kwa jike mmoja, wakiishi kwa kiini cha yai walilotokea. Ukiwaza jinsi ilivyo vigumu kukutana na mwenzio gizani, kwenye mifupa ya mzoga mmoja katika bahari nzima, utaona sababu ya jike kukaa na akiba ya madume.

Wapo pia wanaobeba dume na jike katika mwili mmoja. Wazee wetu Waislamu mnalijua neno huntha kutoka milango ya mirathi, na ndilo neno sahihi hapa. Minyoo bapa wengi wa baharini ni huntha. Mngedhani basi mambo ni rahisi, kila mmoja ampe mwenzake na kupokea. Lakini anayepokea ndiye atakayelea mayai, na kuyatengeneza mayai ni gharama. Mwaka 1998 Nico Michiels na Leslie Newman walieleza mnyoo bapa wa matumbawe ya Australia, Pseudoceros bifurcus. Wawili wakikutana hujiinua, uume wa kila mmoja umetoka, na kila mmoja hujaribu kumchoma mwenzake popote ngozini huku akikwepa kuchomwa. Pambano laweza kufika saa nzima. Mbegu huingizwa kupitia jeraha, na jeraha hubaki kwa aliyechomwa. Mwingine mdogo wa milimita moja hivi, Macrostomum hystrix, akikosa kabisa mwenzi hujichoma mwenyewe kichwani, na mbegu husafiri kutoka kichwani hadi kwenye mayai yaliyo nyuma yake. Hili lilielezwa mwaka 2015. Nimeona watu wakilicheka. Mimi naliona ni jambo zito: kiumbe aliye peke yake kabisa, aliyebakiwa na njia hiyo moja.

Naijua hoja iliyo vichwani mwenu, kwamba hayo yote ni ya mbali. Basi njooni nyumbani. Katika ziwa letu kuna ugonjwa wa bilhazia, na wengi humu tumewahi kumeza vile vidonge vikubwa vya prazikwanteli vinavyogawiwa nchini kwa mpango maalumu tangu mwaka 2003. Anayeuleta ni Schistosoma mansoni, mnyoo bapa, lakini tofauti na jamaa zake wengi si huntha: wapo madume na wapo majike. Dume ni mnene, na mwili wake umejikunja na kuacha mfereji tumboni kutoka juu hadi chini. Jike, mwembamba kama uzi, hulala ndani ya mfereji huo. Bila dume jike hakomai vizuri, mayai yake hayakui. Wakishaungana hukaa hivyo kwa miaka, ndani ya mishipa ya damu ya mtu, jike akitaga mayai mamia kila siku. Mayai hayo ndiyo yanayoliumiza ini na matumbo. Kwa hiyo mtoto wa Jinja aliyevimba tumbo amebeba ndani yake jibu jingine la swali lile lile: mbegu na yai vikutane vipi ndani ya kimiminika kinachokwenda mbio bila kukoma? Kwa kutoachana kabisa. Mwanafunzi wa udaktari atakayekuja kupata dawa mpya ya bilhazia huenda akaipata kwa kuuliza ni nini hasa dume anampa jike mpaka akomae.

Na mwezi nao tunao. Katika Ziwa Victoria yupo mdudu, Povilla adusta, ambaye utoto wake wote huupitisha majini, akitoboa mbao na mabua ya mafunjo. Mafundi wa mitumbwi mnazijua mbao zilizotobolewa vile. Mwaka 1955 R. Hartland-Rowe alichapisha uchunguzi wake kutoka ziwani hapa: wadudu hao hutoka majini kwa wingi kufuata mwezi, kilele chao kikiwa karibu siku ya pili baada ya mwezi mpevu, giza linapoingia. Wanapata mabawa, wanapandana, wanataga, wanakufa usiku huo huo. Hawali chochote. Si minyoo, wala si wa baharini, lakini niliposoma maelezo hayo nilikiona tena kikombe changu cha Kilifi.

Vijana, mwezi umepevuka jana. Kesho itakuwa usiku wa pili. Nimeshaongea na wavuvi wa gati la chini na wametukubalia. Tukutane hapo saa kumi na mbili na nusu jioni, kabla jua halijazama. Leteni shuka moja jeupe la kutundika, taa, na vyombo vilivyooshwa vizuri na kusuuzwa mara tatu bila sabuni kubaki. Simameni juu ya mbao za gati, asiingie mtu majini, maana konokono wanaoeneza bilhazia wako pale kwenye majani. Mimi nitakuja na kikombe cha chai.